Haki za Binadamu Mbele ya Ukoo: Tuanze na Wanaotetea Mila au Wanaotetea Wanawake?

Msaidizi wa kisheria anayeitwa kwenye kikao cha ukoo Tukuyu, Makete au Kilolo huenda na sheria mkononi, lakini haichukui muda kabla hajaona kwamba ubishi wenyewe hauko kwenye sheria. Mzee mmoja atasema haki za binadamu ni mambo ya Wazungu. Mwanamke mmoja, mara nyingi yule aliyekaa karibu na mlango, atasema kwa sauti ya chini kwamba hizo haki hajawahi kuziona zikiingia nyumbani kwake. Wote wawili wanalaumu kitu kilekile, na wanakilaumu kwa sababu zinazogongana: mmoja anaona kimeingia ndani mno, mwingine anaona kimeishia nje ya mlango.

Lawama hizi mbili hazikuzaliwa kwenye kikao hicho. Zina historia, zina wasomi wake, na kila moja imeshabadilisha mikataba ambayo Tanzania imeridhia. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya wenzangu wanaolazimika kuchagua waanzie wapi: wasaidizi wa kisheria, maofisa maendeleo ya jamii, wajumbe wa mabaraza ya ardhi, na wanafunzi wa vyuo vya Mbeya na Iringa wanaopewa mada hii kwenye mdahalo. Nina upande wangu, na sitauficha.

Hicho kinacholaumiwa

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948. Nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 zilijizuia kupiga kura, zikiwemo Saudi Arabia, Umoja wa Kisovieti pamoja na washirika wake, na Afrika Kusini ambayo mwaka uleule ilikuwa inaanza kuujenga ubaguzi wa rangi kuwa sera ya taifa. Tanganyika haikuwa na kiti. Tulikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza, na hakuna mtu wa Rungwe wala Uhehe aliyeulizwa.

Hata hivyo, Tamko hilo leo limo ndani ya Katiba yetu. Ibara ya 9 inaitaka Serikali ihakikishe heshima ya binadamu inahifadhiwa kwa kufuata kanuni zake. Mzee anayesema ni mambo ya Wazungu anapaswa kuambiwa hilo kwa adabu, lakini asikatizwe maneno, maana hoja yake ina mizizi.

Lawama ya utamaduni

Mwaka 1947, Tamko likiwa bado linaandikwa, chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilipeleka Umoja wa Mataifa waraka ulioandaliwa na Melville Herskovits. Kwa ufupi walisema hivi: mtu hukua na kuwa mtu ndani ya utamaduni wake, kwa hiyo huwezi kumheshimu mtu huku unaudharau utamaduni uliomlea, hakuna kipimo cha kisayansi cha kusema utamaduni huu ni bora kuliko ule, na orodha ya haki inayotokana na fikra za Ulaya Magharibi na Marekani peke yake haiwezi kuitwa ya watu wote.

Kwa mtu wa Iringa hoja hii haihitaji profesa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya miezi sita. Fuvu linalotambuliwa kuwa lake lilirudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga. Maana yake ni kwamba siku mataifa makubwa yanatangaza Paris kuwa binadamu wote wamezaliwa sawa katika heshima na haki, fuvu hilo lilikuwa bado Ujerumani. Anayewaambia Wahehe kwamba heshima ya binadamu waliletewa kutoka Ulaya ana maelezo mengi ya kutoa.

Lawama hii imezaa matunda. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mwaka 1981, ulitia ndani vitu ambavyo Tamko la 1948 lilivigusa juujuu tu: haki za watu kama jamii nzima, na wajibu wa mtu kwa familia, kwa wazazi na kwa jamii yake. Msomi wa Kenya, Makau Mutua, amelisukuma jambo hili mbele zaidi: anasema simulizi ya haki za binadamu imezoea kuwa na washenzi, wahanga na waokozi, na kwamba mwokozi karibu siku zote hutoka upande mmoja wa dunia. Aliyewahi kukaa kwenye semina ya hoteli pale Mbeya mjini, akionyeshwa picha za vijijini kwake kama mfano wa giza, anajua Mutua anazungumzia nini.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa. Ukisema tuheshimu utamaduni, lazima useme pia nani anauzungumzia. Mwaka 1993, kabla ya mkutano wa dunia wa haki za binadamu wa Vienna, serikali za Asia zilikutana Bangkok na kusisitiza kwamba haki zitazamwe kwa kuzingatia historia, utamaduni na dini za kila eneo. Waliozungumza pale kwa niaba ya utamaduni ni serikali zenyewe, ambazo baadhi yake zilikuwa zinawafunga wakosoaji wao. Hata wanaanthropolojia walirudi nyuma: mwaka 1999 chama kilekile cha Marekani kilipitisha tamko jipya la kuunga mkono haki za binadamu.

Lawama ya wanawake

Hii ni ya zamani kuliko Tamko. Mwaka 1791, miaka miwili baada ya Ufaransa kutangaza haki za binadamu na raia, Olympe de Gouges aliandika tamko lake la haki za mwanamke kwa sababu lile la kwanza lilimwacha nje. Alikatwa kichwa mwaka 1793. Mwaka 1948 kidogo kosa lirudiwe: kifungu cha kwanza kilikuwa kinaelekea kutaja wanaume wote, na Hansa Mehta wa India ndiye aliyesimama kidete hadi kikawataja binadamu wote. Mwanamke huyo alitoka nchi iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia. Wanaosema madai ya usawa wa wanawake ni zawadi ya Magharibi wamsome.

Lakini kiini cha lawama hii kiko mbali zaidi ya maneno. Watetezi wa wanawake wanasema haki za binadamu zilijengwa kumlinda mtu dhidi ya serikali: askari asimpige, hakimu asimfunge bila kosa, gazeti lake lisifungwe. Mtu aliyefikiriwa pale ni yule ambaye nyumba yake ni mahali pa salama na hatari iko nje. Kwa mwanamke ambaye hatari iko jikoni na chumbani, ulinzi huo unaishia kwenye kizingiti. Askari akikupiga ni ukiukaji wa haki za binadamu, mume akikupiga ni mambo ya ndani, mkayamalize nyumbani.

Hata mkataba wa wanawake wenyewe, CEDAW, uliopitishwa mwaka 1979 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1985, haukuwa na kifungu kinachotaja wazi ukatili dhidi ya wanawake. Ilibidi kamati yake itoe pendekezo la jumla mwaka 1992 kuziba pengo hilo. Vienna, mwaka uliofuata, ikatamka kwamba haki za wanawake na wasichana ni sehemu isiyotengeka ya haki za binadamu. Mwaka 1995 ukaja mkutano wa Beijing, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella.

Upande huu nao una ugomvi wa ndani. Chandra Mohanty, msomi mzaliwa wa India, aliwakosoa wafeministi wa Magharibi kwa kumchora mwanamke wa dunia ya tatu kama mtu mmoja, maskini, mjinga, aliyefungwa na mila, anayesubiri kuokolewa. Sylvia Tamale wa Uganda anakataa kabisa kwamba utamaduni na haki ni maadui, anasema ndani ya tamaduni zetu mna nyenzo za kudai haki, tukijua kuzitafuta. Kwa kazi za huku kwetu, Tamale ndiye ninayemwamini kuliko wote niliowataja.

Kikao kimoja, macho mawili

Tuyapime haya kwenye jambo. Kikao kilikuwa katika kijiji kimoja cha Rungwe, tanga limeanuliwa, watu wamekaa kwenye benchi chini ya migomba. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu wadogo, nyumba, migomba na shamba la chai. Daftari la mizani ya chai lilikuwa na jina la mume peke yake, na malipo yalikuwa yanaingia kwenye akaunti yake, ingawa aliyekuwa anachuma ni mke. Kaka mkubwa wa marehemu akafungua mazungumzo.

"Mama, ng'ombe walikwenda kwenu. Wewe ni wetu, hatukufukuzi. Lakini shamba ni la ukoo."

Mjane akajibu bila kuinua macho: "Baba, sijasema naondoka. Nauliza mwezi ujao chai nitachuma wapi."

Mwenye jicho la utamaduni anaona kitu cha kweli hapa. Shamba la ukoo haliuzwi ovyo, na ndiyo maana watoto wale watatu bado wana pa kusimama. Mahari yalifunga koo mbili kwa wajibu. Hata kurithi mjane, desturi ambayo imepungua sana tangu UKIMWI uzitikise Makete na Rungwe, ilikuwa njia ya kuhakikisha mama na watoto hawalali njaa: shemeji alifungwa kuwalisha. Mtu anayeingia kikaoni akitaja vifungu vya mikataba bila kuyaona haya atasikilizwa kwa heshima, kisha ataondoka na wazee wataendelea na lao.

Mwenye jicho la mwanamke anauliza maswali mengine. Nani amezungumza mpaka sasa? Nani hajaulizwa? Wajibu wa kumlisha mjane uko wapi leo, wakati shemeji yuko Dar es Salaam na hatumi kitu? Kipande cha mila kinachompa ukoo shamba kinakumbukwa neno kwa neno, na kile kinachoudai ukoo umtunze mjane kimesahaulika. Hapo ndipo lawama ya wanawake inaposhinda kwa mbali, kwa sababu inaona kwamba mila haitumiki yote. Inachaguliwa.

Sheria nayo imeyumba katikati ya macho hayo mawili. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo, na fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kuishi anapotaka na kuolewa au kutoolewa, mila iseme nini. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya alisema mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Na bado lile tamko la 1963 lilibaki, hadi wajane wawili wakafika mbele ya kamati ya CEDAW, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba Tanzania imevunja haki zao.

Turudi kwenye benchi. Aliyegeuza kikao si mimi wala karatasi zangu. Ni shangazi, dada wa marehemu, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito. Aliuliza: "Kaka yangu alipolala miezi yote ile, nani alimwogesha? Ninyi mlikuja kumwona na soda." Kisha akawakumbusha wazee kwamba wao wenyewe walipokea ng'ombe kwa ajili yake yeye, na kwamba angerudishwa na wakwe zake bila kitu, ukoo huu ungewasha moto. Ilikuwa hoja ya mila, imetolewa na mwanamke, kumtetea mwanamke. Iliandikwa kwamba mjane abaki na nyumba na shamba la chai, avune kwa jina lake, na asiuze bila watoto wakishakua kukubali. Sikupenda hilo la mwisho, bado silipendi. Lakini mwezi uliofuata alichuma chai yake.

Mila ya tangu lini?

Kuna swali ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nami naliona ni ufunguo. Wanyakyusa walijulikana kwa vijiji vya rika. Vijana wa umri mmoja walijenga kijiji chao, na kila kizazi kilipofika zamu yake ya kushika nchi, ardhi iligawanywa upya. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Rungwe miaka ya 1930, aliyaandika haya kwa kina. Shamba lenye mipaka linalotoka kwa baba kwenda kwa mwana, kizazi baada ya kizazi, lilipata nguvu kadiri kahawa na chai zilivyokaa ardhini kwa miaka mingi na ardhi ilivyopungua.

Kwa hiyo lile linaloitwa "mila ya tangu enzi" lina umri, na pengine umri wake haufiki wa bibi wa yule mzee. Anayetetea utamaduni kwa dhati anapaswa kulifurahia hili, kwa sababu linaonyesha utamaduni hai unaojirekebisha wenyewe. Anayetetea wanawake analipata jibu tayari: kama ukoo uliweza kubadili utaratibu wake kwa ajili ya kahawa, unaweza kuubadili kwa ajili ya mjane.

Pale jicho la utamaduni linapoona mbali zaidi

Nisije nikaonekana nimeshaamua kila kitu. Fikiria upimaji wa ardhi vijijini na hati za hakimiliki za kimila. Mtetezi wa haki aliyesomea mjini hupenda hati: kila mtu na kipande chake, jina na muhuri. Lakini chini ya desturi, shamba moja lina haki nyingi zilizolala juu yake. Mke analima bonde lake la viazi, mama mkwe ana migomba yake, binti aliyeachika ana haki ya kurudi na kupewa pa kulima. Shamba likiandikwa lote kwenye hati yenye jina la mume peke yake, haki hizo nyingine zinafutika kwa siku moja, kisheria kabisa. Jicho la utamaduni linaziona kabla ya mpima ardhi hajafika. Jicho la mwanamke nalo linadai majina mawili kwenye hati. Hapa nisingemshauri mtu achague moja: la kwanza likuonyeshe nani ana haki gani, la pili lihakikishe zinaandikwa.

Mabinti wa kazi

Kuhusu mabinti wanaotoka Mufindi, Kilolo, Njombe na Makete kwenda kufanya kazi za ndani mijini, nina hasira, na nitasema wazi. Utetezi wa kimila upo: mtoto kulelewa na ndugu ni desturi yetu, shangazi wa mjini anamchukua, anamsomesha, naye anasaidia kazi. Desturi hiyo ni nzuri na imewainua wengi. Lakini inapokuwa mtu asiye ndugu, anayempata binti kupitia dalali stendi, anamwamsha saa kumi usiku na mshahara anautuma "nyumbani" bila binti kuuona, kuiita malezi ni kuitukana desturi yenyewe. Hapa lawama ya wanawake haina mpinzani, kwa sababu iliona mapema kwamba kazi ya nyumbani haihesabiwi kuwa kazi. Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa wafanyakazi wa ndani mwaka 2011. Chagua jicho hili, usisite.

Kwa ndoa za wasichana wadogo nitakuwa mfupi. Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mvulana 18. Rebeca Gyumi alifungua shauri na Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016. Serikali ikakata rufani, ikieleza pamoja na mengine kwamba sheria hiyo ilitungwa kwa kuzingatia mila na dini. Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani hiyo mwaka 2019. Hoja ya utamaduni ilisikilizwa kwa ukamilifu, na haikutosha.

Uchague ipi

Swali la kwanza la kujiuliza ni hatari inatoka wapi. Ikitoka nje ya jamii, mradi unaotaka ardhi ya kijiji, sera iliyotungwa bila kuuliza mtu, mfadhili anayekuja na majibu yaliyochapwa tayari, anza na lawama ya utamaduni. Ndiyo yenye lugha ya haki za watu kama jamii, na Mkataba wa Afrika uko upande wako. Ikitoka ndani, kwa mume, shemeji, mwajiri wa nyumbani au kikao chenyewe, anza na lawama ya wanawake. Ukianza na utamaduni hapo, utampa mwenye nguvu maneno mazuri ya kujifunika.

Mwanafunzi wa mdahalo atanufaika akikumbuka kwamba lawama hizi haziko kwenye mizani moja. Ya kwanza inauliza haki zimetoka wapi. Ya pili inauliza zinafika wapi. Mtu anaweza kukubali zote mbili bila kujipinga. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, nyongeza ya Mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania imeiridhia, imefanya hivyo hasa: inampa mjane haki ya kupata fungu la haki katika urithi, na papo hapo inampa mwanamke haki ya kuishi katika utamaduni chanya na kushiriki kuamua sera za utamaduni zitakuwaje. Imeandikwa na Waafrika, kwa ajili ya Waafrika. Ukiwa nayo mkononi, ile hoja ya "mambo ya Wazungu" inahitaji kutafutiwa msingi mwingine.

Kwa msaidizi wa kisheria, ushauri wangu ni huu: lawama ya wanawake ikuongoze nini udai, lawama ya utamaduni ikuongoze namna ya kukidai. Kabla ya kikao mtafute shangazi. Waulize wazee ni wajane gani wa ukoo huo waliowahi kuachiwa shamba, na kwa nini. Karibu kila ukoo unaye mmoja. Kama kijiji kina Baraza la Ardhi, angalia kama wale wajumbe watatu wanawake kati ya saba wanaotakiwa na sheria wapo kweli na wanazungumza.

Na usitoke kabla ya kuuona muhtasari, maana hiyo ndiyo karatasi itakayofika Mahakama ya Mwanzo. Jina la mjane liwemo kati ya waliohudhuria, maneno yake yaandikwe kama alivyosema, asomewe yote kwa lugha anayoielewa, Kinyakyusa au Kikinga kama ndicho, ndipo atie sahihi au dole gumba mwenyewe. Ikiwa shemeji ameteuliwa msimamizi wa mirathi, iandikwe wazi kwamba msimamizi si mrithi, na itajwe nani anakaa kwenye nyumba na nani anavuna shamba mpaka mirathi itakapofungwa.